Kitabu cha Vyeti vya Mama

Mtu akikuambia anataka kitabu ambacho ameshakisoma, muulize vizuri anataka nini. Mimi nilimuuliza Sixte swali hilo Jumamosi saa nne asubuhi, sebuleni kwa mama yangu, Kasokola, na jibu alilonipa mpaka leo sijui kama lilikuwa la mjinga au la mjanja.

Nilikuwa natoka bondeni kupalilia mpunga. Nikakuta pikipiki ngeni imeegemezwa kwenye ukuta wa jiko, na ndani nikasikia mama anacheka. Mama yangu, Athanasie, hachekagi na wageni. Nikaingia na jembe langu begani.

Mezani alikaa Sixte, fundi simu wa Mpanda mjini. Siyo mgeni wa mbali. Tumezaliwa makazi yaleyale ya wakimbizi, yeye nyuma yangu kwa miaka kumi hivi, na wazazi wetu walivuka kutoka Burundi kundi moja. Mbele yake alisimamisha taa yenye shingo ndefu kama ya korongo, na kichwani mwa ile taa kuna jicho la kamera. Chini ya jicho, kitabu chetu kimefunguliwa. Pembeni ya kitabu, juu ya kitambaa cha meza, vyeti vyetu vyote vimepangwa kama karata.

Niwaeleze hicho kitabu. Kwetu vyeti havikai kwenye sanduku wala begi. Sanduku la bati lilishika kutu likala cheti cha ubatizo cha dada yangu Jeannine. Begi likaliwa na mchwa. Marehemu baba, Yohani, alikuwa mlinzi wa ghala kule makazini. Siku moja yakaja maboksi ya vitabu vya msaada, kutoka kwa watu ambao hawakuuliza tunasoma lugha gani. Kiingereza kitupu, kwa watoto wa Kirundi na Kiswahili. Baba akachukua kimoja kwa sababu kilikuwa kinene na kava lake gumu kama ubao. Tangu siku hiyo kila karatasi ya nyumba yetu inalala humo. Mama hajui kusoma, lakini kitabu kina picha, na kila picha ina mtu wake. Kadi ya zamani ya mgao wa chakula iko kwa mwanamke mwenye pembe za swala. Cheti changu cha uraia kiko kwa meli yenye mabawa. Cha mama kiko kwa ndege mwenye uso wa mtu. Mwambie akuletee karatasi ya Jeannine, anafungua kwa kidole kimoja na hakosei. Na siyo sisi tu. Watu wetu wengi wako hivyo: Biblia, kitabu cha nyimbo, chochote chenye kava gumu. Ukitaka kujua mtu ni nani serikalini, unachukua kitabu chake unakikung'uta.

Cha baba hakimo. Kilipotea kwenye vurugu za mkutano mmoja, zamani.

"Thadei, njoo uone," mama akasema. "Sixte ametuletea taa inayokula karatasi bila kuzichana."

"Nani amekutuma?" nikamuuliza Sixte.

"Shikamoo kaka."

"Sijaitikia. Nani amekutuma?"

"Hakuna mtu, kaka. Ni simu ya dada Jeannine."

Ikawa hivi, kwa maelezo yake mwenyewe. Jeannine, anayekaa Kakese, alimpelekea simu iliyopasuka kioo. Alipoweka kioo kipya akakijaribu kwa kufungua picha, ikafunguka ya Pasaka: mama amekaa kwenye kiti na gauni lake la kijani, na nyuma yake, juu ya kabati, mgongo wa kitabu.

"Kwa hiyo mtu akikuletea simu umtengenezee kioo, unaingia kwenye picha zake?"

"Kioo unakipima kwa picha, kaka. Nikaona ule mgongo nikasimama. Haki ya Mungu nilisimama, mteja akadhani nimepigwa shoti. Nikaikuza. Nikaikuza tena. Nikasema hapana, haiwezekani, Kasokola?"

Akaanza kueleza, na akianza huyo hazimiki. Kitabu chetu, kumbe, ni cha kwanza katika vinne, habari za nchi ya kubuni inaitwa Tesmeru, yenye falme saba na wanyama wanaoongea na vita visivyoisha. Cha pili kilikuwa shuleni kwao kule makazini, hakina kava, kurasa za mwanzo wameshawashia moto. Yeye darasa la tano alikisoma kwa kamusi, miezi saba. Humo kuna malkia hana mkono wa kushoto, na kila mtu kitabuni anajua kwa nini hana, isipokuwa Sixte, maana mkono ulikatwa kwenye kitabu cha kwanza.

"Maskini," mama akasema. "Na mpaka leo hujui?"

"Sasa hivi najua, mama. Nilikuja kukipata kwenye tableti, nikakisoma chote kwa siku mbili."

Hapo ndipo nilipouliza. "Umeshakisoma. Basi hiki chetu unakitaka cha nini?"

Akanitazama kama vile mimi ndiye niliyeuliza kitu cha ajabu. "Siyo kusoma, kaka. Ni kuwa nacho. Hiki ni chapa ya kwanza! Njoo, angalia ramani. Unaona huu mto? Unaanzia baharini unapanda mlimani. Mchoraji alikosea. Chapa ya pili wakarekebisha. Zilizobaki zenye kosa hili zinahesabika, watu dunia nzima wanazitafuta, halafu moja iko hapa, kwa mama, na karatasi za mgao ndani yake!"

Nikautazama ule mto. Huko kwao wakikosea mto kwenye ramani, kitabu kinagombaniwa. Sisi mtu mmoja na ramani yake alipokikosea kijito chetu, tulilima misimu mitatu tukiitwa wavamizi kwenye shamba letu wenyewe.

Sixte hakutaja hela. Hilo nalo likanitia wasiwasi. Alichokuja nacho ni mbadala: kitabu kilekile, kipya, kwenye boksi lake, kingo za kurasa zimepakwa dhahabu, kina utepe mwekundu na namba mwanzoni, nakala ya 214 kati ya 500. Alikitoa kwa ncha za vidole kama mtu anayemtoa mtoto kwenye beseni la maji. Na juu yake mkoba wa vyeti usioingia maji wala moto, ameuagiza mwenyewe. Na juu ya mkoba, vyeti vyote vipigwe picha na ile taa yake mpya, vitunzwe, ili hata nyumba ikiungua mama asipotee.

Mama akakipokea kile kipya, akafungua kurasa. Akafungua tena, polepole.

"Ndege yuko wapi?"

"Yupi, mama?"

"Mwenye uso. Ninapokaa mimi."

Sixte akakuna kichwa. Chapa mpya ilichorwa na mtu mwingine. Ndege hakuwepo.

"Sasa humu mimi nitalala wapi?" mama akauliza, akakifunga.

"Na hizo picha za vyeti," nikasema, "zikishapigwa zinakwenda wapi?"

"Zinajihifadhi mtandaoni, kaka. Hazipotei."

"Kwa nani mtandaoni?"

"Kwa… ni kampuni. Ni sehemu salama."

"Ya nani?"

Akaanza kunieleza neno la siri, na kufuli, na herufi zinazochanganywa. Nilimwacha aongee. Mimi nakumbuka mambo. Namkumbuka wa mashine ya kwanza ya vidole, alivyotuonyesha jinsi kidole kinavyotokea kwenye kioo, watoto wakashangilia, akaondoka na kadi zetu, akasema ni kwa siku mbili, mpaka leo tunazisubiri. Namkumbuka wa kamera inayotoa picha hapohapo. Namkumbuka dada mmoja wa mradi, mpole, na kompyuta yake ya kukunja, aliyetuambia tuhame kisha akatuambia hakusema tuhame. Kila aliyetunyang'anya kitu alianza kwa kutuonyesha mashine mpya.

Na zilibaki siku tano tu. Alhamisi ofisi ya kata ingeandikisha mashamba. Tangazo lilibandikwa wazi: uje na cheti halisi cha uraia, kivuli hakipokelewi, asiye nacho atasubiri awamu nyingine ambayo hakuna aliyejua ni lini. Shamba la mama ni ekari nne, bondeni, penye maji, na baba amezikwa pembeni yake. Ilikuwa imeshasemwa vilabuni kuwa kuna mtu mwenye uwezo analitaka bonde zima. Sasa wewe niambie. Siku tano kabla, anatokea fundi simu, anataka kitabu ambacho ameshakisoma, na vyeti vimo ndani.

"Kusanya taa yako," nikamwambia.

"Thadei," mama akasema, "ni mgeni wangu." Akavikusanya vyeti kwa mkono wake, kimoja kimoja, akavirudisha kila kimoja kwenye picha yake. "Sixte mwanangu, nitafikiri. Uje Jumatano."

"Asante mama. Naweza kupiga picha moja tu, ya kitabu chenyewe? Niwaonyeshe wenzangu?"

"Piga."

Mimi nikatoka nje kwenda kuosha jembe, nisije nikasema kitu.

*

Jumatatu sikulala mchana kama kawaida yangu. Nilikaa mlangoni kwa mama nikitazama barabara. Jumanne asubuhi mama akaenda Kakese kwa Jeannine kumsaidia kubangua karanga. Nikabaki peke yangu na kile kitabu. Nikasema niangalie tu, roho itulie.

Meli yenye mabawa: cheti changu kipo. Mwanamke mwenye pembe: kadi ya mgao. Ndege mwenye uso wa mtu: hakuna kitu. Karatasi ya kitabu tupu, na alama ya njano ya mstatili pale cheti cha mama kilipokaa miaka yote.

Nikafungua kurasa zote. Nikakikung'uta. Nikatazama chini ya kabati na nyuma yake. Hakuna.

Ningempigia mama simu. Ingekuwa dakika moja. Sikupiga, na sababu niliyojipa ni kwamba ana presha, nisimshtue. Nikaenda kwa Masalu.

Masalu ni mfugaji, Msukuma, kamanda wetu wa sungusungu, na ni mtani wangu. Nilimkuta zizini.

"Cheti cha mama kimeibiwa," nikamwambia. "Mwizi namjua."

"Nyie watu mnapenda karatasi kuliko ng'ombe."

"Ng'ombe wako hajawahi kuulizwa uraia wake."

Akacheka, kisha akaniangalia usoni akaacha kucheka. Akaita vijana wanne. Tukapanda pikipiki tatu mpaka mjini.

Duka la Sixte ni chumba cha mbele, na nyuma ndiko anakolala. Mbele simu zimelazwa matumbo wazi. Darini inaning'inia droni ndogo kwa uzi. Na mezani siku hiyo kulikuwa na mashine inayovuma kama nyuki, inachora kitu cha plastiki safu juu ya safu. Sixte alikuwa ameinama kuitazama, mikono magotini, kama mtoto anayetazama sisimizi.

"Kaka Thadei! Umefika wakati mzuri, njoo uone, inachonga kitasa cha redio ya mzee mmoja wa Kabungu, vitasa hivyo havitengenezwi tena duniani…" Akawaona walio nyuma yangu. Akaziona fimbo.

"Cheti cha mama kiko wapi?"

"Cheti gani?"

"Usinichezee, Sixte. Alhamisi ni keshokutwa."

"Kaka, mama alivirudisha mwenyewe. Wewe ulikuwepo!"

Masalu akasukuma pazia la chumba cha nyuma. Tukaingia. Kitanda chembamba, na ukuta wote mmoja ni rafu. Vitabu kama arobaini, kila kimoja kimefungwa kwenye nailoni safi, kimekazwa kwa gundi. Kati yao ametupia vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye boksi la viatu. Juu ya rafu kifaa kidogo chenye namba za kijani kinapima hewa ya chumba.

Masalu akapiga mluzi. "Huyu ana vyeti vya mkoa mzima."

Na mimi nilifikiri hivyohivyo. Sote sita tulifikiri hivyo. Nani anafunga kitabu kwa nailoni, na dawa ya unyevu, na kipimo, kama ndani hakuna karatasi za watu? Haikunijia hata mara moja kwamba ndani ya kitabu kunaweza kuwa na kitabu tu.

Tukaanza kuchana nailoni.

"Subirini! Nivifungue mimi. Jamani nawaomba, nivifungue mimi mwenyewe. Kaka, hicho usikishike hapo, kishike chini! Basi naweni mikono! Maji yapo pale kwenye ndoo, naweni mikono kwanza!"

Vijana wakacheka sana. Mmoja akamwigiza, "Naweni mikono, chakula tayari!" Tukavishika kwa makava, tukavikung'uta kama tunavyokung'uta vya kwetu. Vitabu vile havikutengenezwa kwa kazi hiyo. Migongo ilikatika kwa sauti kama ya kuvunja mguu wa kuku. Ile nakala ya 214 niliikung'uta mimi. Kurasa zilitoka zikiwa fungu zima, dhahabu yake ikaniachia vumbi kwenye vidole. Sixte aliacha kupiga kelele hapo. Alikaa kitandani, akaweka mikono kwenye mapaja, akawa anatuhesabu kwa macho: kitabu, mtu, kitabu, mtu.

Havikutoa kitu. Vitabu arobaini, na kilichodondoka ni kipande kimoja tu cha karatasi ya daftari, kilichokunjwa mara nne. Nikakiokota kwa haraka. Kalamu ya risasi, mwandiko wa mtoto. Safu tatu: Kiingereza, Kiswahili, Kirundi. Upanga, inkota. Malkia, umwamikazi. Mkono, ukuboko. Orodha inashuka mpaka chini na kugeuka nyuma. Nikaikunja ilivyokuwa. Sikujua niiweke wapi, nikaiweka kitandani karibu naye.

"Kamanda," kijana mmoja akaita kutoka mbele. "Hebu njoo. Huyu siyo ndege wao?"

Kwenye kompyuta ya Sixte kulikuwa na picha ya kitabu chetu, imefunguliwa kwenye ndege mwenye uso wa mtu. Chini yake maneno ya watu, lugha sijui ngapi, na vikatuni vya kushangilia. Na juu ya bawa la ndege, wazi kabisa, nusu ya cheti cha mama. Jina lake. Namba yake.

Nikamvuta Sixte mpaka pale. "Hii nini?"

Akatazama. Nilimwona anaiona.

"Sikuiona, kaka. Haki ya Mungu sikuiona. Nilikuwa naangalia kitabu."

"Karatasi ya mama yangu iko katikati ya picha."

"Nilikuwa naangalia… ile njano ya ukingo. Wanabishana sana kuhusu ile rangi."

"Wangapi wameiona?"

"Kwenye grupu la wapenzi wa vitabu hivi tuko elfu sita na kitu."

Nilitamani kumpiga, na namshukuru Mungu sikumpiga, maana ningempiga kwa kosa ambalo sikuja kulitafuta. Akaifuta mbele yangu. "Imetoka," akasema.

"Kwako imetoka. Na kwao?"

Mpaka leo hajajibu, na mpaka leo simu ngeni ikimpigia mama napokea mimi.

"Thadei." Masalu alikuwa ameegemea mlango, na fimbo yake ameificha nyuma ya mguu kana kwamba ni ya mtu mwingine. "Picha ni picha. Cheti chenyewe hapa hakipo. Mama ulimuuliza?"

"Ana presha."

"Sikuulizi presha. Ulimuuliza?"

Masalu akawatazama vijana wake, akawaambia waokote nailoni. Wakaokota. Tulipotoka, ile mashine mezani ilikuwa bado inachonga kitasa.

*

Jioni jua bado lipo, mama akarudi. Alikaa kwenye kigoda nje, ungo mapajani, anachambua maharage. Nilichuchumaa mbele yake.

"Mawe," nikamwita kwa Kirundi, kama nilivyomwita utotoni, "usishtuke. Cheti chako kimeibiwa."

Akaendelea kuchambua. Akatupa jiwe, akatupa lingine.

"Hakijaibiwa," akasema. Akaingiza mkono chini ya kitenge, kiunoni, akatoa kifuko cha kitambaa alichokishona mwenyewe. Ndani yake nailoni, ndani ya nailoni cheti.

"Tangu lini?"

"Jumamosi. Sixte alipoondoka, wewe ukiwa bado na jembe lako nje."

Nikacheka kwa nafuu. "Kumbe na wewe ulimshuku!"

"Nani, Sixte? Sixte nilimfungulia kurasa zote kwa mkono wangu." Akainua macho. "Nilikuficha wewe."

Sikuelewa. Au nilielewa, nikataka aseme.

"Nilikuona ulivyosimama pale mlangoni. Nikasema, huyu hasira zimeshampanda. Kesho atakichukua akipeleke mwenyewe ofisini, atafika kabla ya siku, ataanza maneno, atakinyanyua juu watu wote wakione. Kama cha baba yako."

"Mama, cha baba kilipotea kwenye…"

"Kilikuwa mkononi mwako, Thadei."

Kilikuwa mkononi mwangu. Nilikitoa kwenye kitabu bila kuomba. Nilikwenda nacho mkutanoni, nikapanda kwenye benchi, nikakiinua, nikapiga kelele kwamba hiki ndicho mlichotupatia na hakina maana yoyote. Nilishangiliwa sana. Halafu watu wakasukumana, benchi likaanguka, na mvua ilikuwa imenyesha. Baba alifariki mwaka wa pili baada ya hapo, akisubiri nakala. Nimeandika barua nyingi kuhusu cheti kile, mimi ndiye ninayewaandikia watu barua hapa Kasokola. Nimewataja watu wengi kwa majina na vyeo. Mimi mwenyewe sijajitaja hata kwenye moja.

"Umefanya nini mjini?" mama akauliza. "Vijana wa Masalu wamepita hapa wananiangalia kama msibani."

Nikamwambia. Yote, mpaka ndoo ya maji. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauweka ungo chini.

"Vyote arobaini?"

"Vyote."

Hakunitukana. Afadhali angenitukana.

Jumatano Sixte hakuja. Mama akamwita Jeannine, akavitoa vyeti vilivyobaki kwenye picha zake, akakifunga kitabu kwenye kanga safi, akamwambia dada ampelekee, kiwe chake. Jeannine akarudi nacho saa nane mchana, bado kimefungwa.

"Amekataa," akasema. "Amesema mama asichukie. Amesema hataki kitu kitakachomletea tena watu ndani. Rafu ameshaing'oa, ametandika vitabu sakafuni na kuvikandamiza kwa mawe, anabandika. Nimemuuliza utaweza? Anasema vitatu au vinne." Kisha akanigeukia mimi. "Na wateja hawapo. Watu wanasema fundi alikamatwa na sungusungu kwa vyeti. Hongera, kaka."

"Ile picha aliirusha kweli, Jeannine."

"Aliirusha. Nenda basi ukawaambie watu hilo, na la pili, kwamba hakuiba, uwaambie pia. Uone kama watakaa kulisikiliza."

Nilikwenda. Nilizunguka sokoni mpaka jioni, meza kwa meza, nikisema Sixte hakuiba. Walinisikiliza vizuri. Mwanamke mmoja muuza dagaa aliniuliza, "Sasa kama hakuiba, mbona mlimpekua nyie wenyewe, watu wa kwao?" Nikaona anaihamisha simu yake kutoka mezani kwenda kwenye sidiria.

*

Alhamisi tulifika ofisi ya kata saa moja na nusu, tukakuta foleni imeshazunguka jengo. Mama mbele, Jeannine nyuma yake, mimi nyuma ya Jeannine. Hakuna aliyenipangia hivyo. Nilijikuta hapo.

Zamu ikafika saa sita. Karani alikuwa kijana mwenye sauti ya chini, amechoka. Akauliza jina, akauliza shamba linapakana na nani, akaandika. "Cheti, mama."

Mama akageukia ukutani, akatoa kifuko, akageuka tena, akampa.

Karani akakitazama, akakilaza juu ya rundo la vyeti vya wengine upande wake wa kushoto, akasema, "Subirini pale."

Rundo. Nayajua marundo. Nikavuta pumzi, nikafungua mdomo, na maneno yalikuwa yamejipanga, mazuri, ya siku nyingi. Mama hakugeuka. Aliinua kidole kimoja tu, usawa wa bega, kama anayemzuia kuku asiingie ndani.

Nikafunga mdomo.

Tukasubiri. Sikulitoa jicho kwenye lile rundo. Karani wa pili alikuwa akichukua kimoja kimoja, anakilinganisha na daftari, anagonga muhuri kwenye fomu. Akachukua cha mama. Akakigeuza nyuma. Akakiinua kwenye mwanga wa dirisha, akakaa nacho hapo muda ambao sitausahau. Kisha akagonga.

"Athanasie! Mtu wa familia wa kuandikwa pamoja nawe, shahidi wako, ni nani?"

"Jeannine," mama akasema. "Binti yangu. Huyu hapa."

Karani akanitazama mimi, mwanaume, mkubwa, nimesimama hatua moja nyuma. "Na huyu mzee?"

"Huyu ni mwanangu. Amenisindikiza."

Jeannine akatia saini. Mama akaweka kidole. Wakampa karatasi ya shamba, na juu yake wakamrudishia cheti. Karatasi ya shamba akampa Jeannine. Cheti akakishika yeye, mikono miwili, pembe mbili, akasogea mpaka kwenye mwanga wa mlango.

"Thadei. Njoo unisomee kama ni chenyewe."

Nikaja haraka, nikanyoosha mkono.

"Mikono nyuma."

Foleni yote inatazama. Masalu naye alikuwemo, na hakucheka. Nikaweka mikono nyuma, nikashika kiganja kwa kiganja kama mtoto wa shule mbele ya mwalimu, nikainama. Nikamsomea jina lake, jina la baba yake, mahali alipozaliwa, tarehe, namba. Yeye macho yake yanafuata midomo yangu, siyo karatasi.

"Rudia namba," akasema.

Nikarudia.